Mdogo wangu anataka niwekewe nyonga kama ya Andy Murray

SWALI

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa miaka 43, fundi cherehani hapa Tanga, nina watoto wawili. Nachechemea tangu nilipoanza kutembea. Mama anasimulia kuwa mimi ndiye kifungua mimba wake na nilizaliwa nimetanguliza makalio, mkunga akahangaika sana. Nilipochelewa kusimama, wengine wakasema nimepigwa sindano vibaya, wengine wakasema ni jini, basi nikanyweshwa kombe na kufungwa hirizi. Shuleni waliniita Kiguru mpaka nikazoea.

Maumivu yenyewe yalianza nilipobeba mimba ya pili, yakapoa, halafu miaka hii ya karibuni yamerudi na kuweka makao. Naumia kwenye kinena upande wa kushoto, yanashuka hadi gotini. Usiku nikijigeuza tu naamka. Kupanda daladala lazima ninyanyue paja kwa mkono, na kucha za mguu wa kushoto ananikata binti yangu kwa sababu siufikii. Fundi viatu ameniongezea soli ya tairi kwenye kiatu cha upande huo ndipo nikaacha kuyumba. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na sasa gauni moja linanichukua siku mbili.

Miaka mingi nilitibiwa baridi yabisi, nikameza diklofenaki mpaka tumbo likawa linaunguza. Mwaka huu daktari mmoja ndiye aliyenipiga eksirei. Akasema kikombe cha nyonga yangu hakikukua sawasawa tangu uchanga, ni kifupi, na sasa nyonga imesagika. Nikamuuliza kuhusu upasuaji, akasema nyonga bandia hudumu miaka kumi tu, mimi bado mdogo, nisubiri nifike 60.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Leicester, Uingereza. Kanitumia video ya Andy Murray, yule mcheza tenisi, anasema aliwekewa kofia ya chuma juu ya mfupa bila kukatwa, akarudi uwanjani. Anasema upasuaji huo umetengenezwa kwa watu ambao hawajazeeka, kama mimi. Ameona hospitali Chennai, India, na yuko tayari kuchangisha wenzake. Mume wangu hataki kabisa kusikia habari ya kisu. Mama anasema nimwachie Mungu.

Bibi, hiyo kofia ni bora kuliko kubadilishwa nyonga yote? Nisubiri kweli hadi 60? Nitaweza kusujudu na kushona? Na la mwisho: binti yangu mkubwa ana mimba ya kwanza, miezi saba. Mjukuu wangu asije akarithi haya.

Fundi wa Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na la Chennai kwa kuwa ndilo lenye nauli: usiende kuwekewa kofia. Madaktari wa kule si wabaya, wapo waliovika watu wengi kofia hizo na wakatembea vizuri. Ila upasuaji huo haukufai wewe, na hata kule daktari mwenye kujiheshimu akiiona picha yako atakwambia hivyo hivyo.

Mdogo wako hakudanganya. Murray alivikwa kofia hiyo London Januari 2019. Juni ya mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa wachezaji wawili wawili kwenye mashindano ya Queen's, na Oktoba akachukua kombe la mmoja mmoja kule Antwerp. Hakuna tangazo litakaloshinda hilo. Lakini Murray ni mwanamume wa zaidi ya mita 1.9, na kichwa cha fupa la paja lake ni kikubwa. Kwenye upasuaji huu ukubwa wa kichwa ndio habari yenyewe.

Kinachofanyika ni hiki. Kwenye kubadilishwa nyonga yote, kichwa cha fupa la paja hukatwa kikatupwa, na shina la chuma hupigiliwa ndani ya mfupa. Kwenye upasuaji wa kofia kichwa hakikatwi: huchongwa kikapungua kidogo, kikavikwa kofia ya chuma, na upande wa fupanyonga hugongomewa kikombe cha chuma. Chuma kinateleza juu ya chuma. Aina iliyopata jina ilibuniwa Birmingham na Derek McMinn na Ronan Treacy, ikaanza kuwekwa mwaka 1997. Faida zake ni za kweli: mfupa unabaki, kichwa ni kikubwa kwa hiyo nyonga haichomoki ovyo, na kama siku moja itaharibika bado pana mfupa wa kupigilia shina. Kwa kijana wa kiume anayecheza mpira, na ambaye kikombe chake cha asili kiko sawa, mimi mwenyewe nisingembishia.

Tabu ilianza pale kofia hizi zilipogawiwa kila mtu. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za aina ya ASR duniani kote baada ya kuonekana zinaharibika mapema mno. Vyuma vikisuguana vibaya hutoa unga wa kobalti na kromiamu. Unga huo huingia kwenye nyama za jirani zikavimba na kuoza, na mwingine huingia kwenye damu. Uingereza wenye nyonga za chuma kwa chuma hupimwa damu, na ikizidi mikrogramu 7 kwa lita huchunguzwa zaidi. Halafu mwaka 2015 Smith & Nephew, watengenezaji wa ile kofia ya Birmingham yenyewe, wakaacha kuuza saizi za milimita 46 kushuka chini, na wakaandika kwenye maelekezo yao kwamba wanawake wasiwekewe. Hawakuwa na kinyongo na akina mama, sisi vichwa vyetu vya mfupa ni vidogo tu. Kofia ikiwa ndogo, eneo la kuteleza hupungua, majimaji ya kulainisha hukimbia, na chuma husugua ukingoni.

Sasa juu ya udogo ongeza na umbo lako. Uliandika kwamba kikombe chako ni kifupi. Maana yake paa la nyonga halikifuniki kichwa chote, na uzito ambao kwa mwenzio hubebwa na gegedu zima, ule utando mlaini unaofunika mfupa ndani ya kiungo, kwako umebebwa na kipande kidogo cha ukingo wa juu. Ndiyo sababu gegedu limekwisha ukiwa na miaka 43 badala ya 70. Daktari akitaka kuweka kikombe cha chuma kwenye paa fupi hivyo, hushawishika kukisimamisha wima ili kishike mfupa, na kikisimama wima kofia husugua ukingo. Mara nyingi na shingo ya mfupa kwa watu wenye tatizo lako imejipinda kwenda mbele. Kofia hukaa juu ya mfupa ulivyo, haiwezi kunyoosha kilichopinda wala kurefusha mguu kwa kiasi cha kueleweka. Soli yako ya tairi ingebaki pale pale.

Na hizo diklofenaki za miaka mingi hazijanipita. Kobalti na kromiamu hutolewa mwilini na figo, na dawa za jamii hiyo zikimezwa miaka na miaka huweza kuziumiza figo. Pima figo kwa vyovyote vile, upasuaji uwepo usiwepo, na lile tumbo linalounguza litazamwe.

Mdogo wako anapenda kusoma, kwa hiyo najua atakuja na kofia za kauri. Ni kweli zipo, Uingereza na Australia watu wamekuwa wakiwekewa tangu miaka ya mwisho ya 2010, na hazitoi unga wa chuma. Lakini bado ni changa na ziko mahali pachache. Kuzisubiri huku hulali usiku ni kujitesa bure.

Basi unachohitaji ni kubadilishwa nyonga yote, kwa mkono wa daktari aliyezoea nyonga zilizozaliwa na kasoro. Hapo tunafika kwenye lile la kusubiri hadi 60, na hapa nitampinga daktari wako, kwa heshima zake. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za vikombe vya plastiki ya zamani iliyokuwa ikilika haraka. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha hesabu za nyonga zilizofuatiliwa kwa muda mrefu: takriban asilimia 58 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Na hizo ni nyonga zilizowekwa zamani, kabla ya plastiki ngumu na kauri za leo kuzoeleka. Kwa umri wako, na kwa umbo la nyonga yako, huenda ukafunguliwa mara ya pili maishani. Lijue hilo kabla, usije ukaambiwa ukiwa na 65 ukashangaa. Lakini miaka 17 ya kusubiri nayo ina bei. Misuli ya paja na tako inasinyaa, goti linabeba mzigo usio wake, mgongo unapinda kuufuata mguu mfupi, na diklofenaki zinaendelea kukula tumbo.

Muda hauamuliwi na tarehe ya kuzaliwa. Mtu anayeamshwa na maumivu usiku, hawezi kujikata kucha, na kazi inayomlisha imemshinda, huyo wakati wake umefika. Na hii si saratani, hakuna atakayekufa kwa kungoja miezi sita. Tumia miezi hiyo kujiandaa: shika mkongojo mkono wa kulia, ndiyo, wa kulia, upande usiouma, ndipo unapoupunguzia mguu wa kushoto uzito. Tengeneza meno mabovu, tibu U.T.I. kama ipo, pima damu na sukari. Punguza kilo kama zimezidi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kweli ni kasoro ya nyonga ya kuzaliwa nayo, ile wanayoiita displasia. Kifungua mimba, wa kike, aliyetanguliza makalio, nyonga ya kushoto: ungemweleza mwanafunzi wa udaktari mambo hayo manne asingehitaji la tano. Lakini nimekaa wodi ya mifupa miaka mingi, na kwetu huku nyonga iliyokufa mapema mara nyingi huwa na hadithi nyingine. Ipo ya sikoseli, inayokata damu ya kichwa cha mfupa. Ipo ya kifua kikuu kilichoingia kwenye nyonga, na ipo ya usaha uliokaa ndani ya kiungo utotoni. Hizo huandaliwa tofauti, na nyonga yenye kifua kikuu hai haipachikwi kitu. Kwa hiyo kipimo cha sikoseli kisirukwe hata kama picha inaonekana wazi.

Omba rufaa uende MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya KCMC Moshi. Wote hubadilisha nyonga. Wasomaji wa Kenya wenye shida hii waulizie hospitali za Kijabe au Kikuyu. Ukifika, chukua ile filamu ya eksirei yenyewe, karatasi ya majibu peke yake haitoshi, na ukivae kile kiatu chenye soli. Daktari atapata mengi kwenye unene wa soli ile. Kisha muulize bila haya: nyonga ngapi za namna yangu umeshazifanya wewe mwenyewe? Paa la kikombe changu utalijengaje? Mara nyingi hulijenga kwa kipande cha kichwa chako mwenyewe kilichokatwa, hukifunga kwa skrubu, nacho hushika kikawa mfupa. Muulize pia kama ana vikombe na mashina madogo stoo, maana nimeshuhudia mgonjwa akirudishwa kutoka mlango wa tiyeta kwa sababu saizi iliyokuwepo ilikuwa ya kiume.

Kuhusu urefu wa mguu usimsukume. Kila mgonjwa hutaka miguu iwe sawa sawia, lakini mshipa mkubwa wa fahamu unaopita nyuma ya nyonga umezoea mguu mfupi kwa miaka 43. Ukivutwa ghafla, unyayo hupooza. Madaktari wengi huogopa kuuvuta zaidi ya sentimita 4 kwa mkupuo. Ukitoka bado na tofauti kidogo, ni sawa. Na hata ukirefushwa vizuri, wiki za kwanza utahisi mguu huo ni mrefu kuliko mwenzake, kwa sababu kiuno kimezoea kuinama. Usimkimbilie fundi viatu siku hiyo hiyo. Soli ibanduliwe baadaye, mtu wa mazoezi akishakupima.

Upasuaji wenyewe mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mgongoni. Siku ya pili utasimamishwa, utalia, na utatembea hatua chache na kifaa cha kushikilia. Utapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache katikati hata kama mguu umepona machoni pako. Jasho la homa, kidonda kinachotoa maji, shavu la mguu kuvimba na kuuma: lolote katika hayo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, halisubiri kliniki.

Kusujudu. Nyonga bandia huchomoka pale unapoikunja kupita kiasi huku goti likiingia ndani, na kikao cha tahiyatu kiko karibu sana na hapo. Wiki za mwanzo, ambazo kwa kawaida ni 6 hadi 12, utaswali juu ya kiti, na dini yetu haijawahi kumkalifisha mgonjwa. Baada ya hapo mwonyeshe daktari kwa vitendo, pale pale kliniki, unavyorukuu na unavyokaa. Usimuulize tu kwa mdomo "naweza kuswali?" kwa sababu kuna wanaosema ndiyo bila kujua sala ina mikao gani. Wako wanaorudi kusujudu, wako wanaobaki na kiti maisha yote. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha juu kabla hujalazwa, usingoje kurudi. Mkeka wa kukalia chini usahau kwa miezi kadhaa.

Cherehani, fungia mota. Mguu unaobonyeza mota unaweza kuwa wa kulia, na wewe huhitaji kukanyaga tena maishani.

Mume wako usibishane naye nyumbani. Mchukue kliniki akaione picha ikiwa imewashwa ukutani, nyonga ya kulia na ya kushoto zimekaa bega kwa bega. Wanaume wengi walioingia wodini kwetu wakikataa kisu walibadilika mbele ya ile filamu, kwa sababu hapo tu ndipo walipoona mke hajidekezi. Na mama yako umwambie kwa upole kwamba hakukosea kitu. Hapakuwa na sindano wala jini, mtoto aliyekaa kitako tumboni nyonga zake hubanwa, basi.

Tumalizie na mjukuu, maana huyo ndiye ambaye bado tunaweza kumuwahi. Kasoro hii hufuata ukoo, kwa hiyo binti yako aitaje kliniki ya wajawazito sasa hivi, iandikwe kwenye kadi. Mtoto akizaliwa, nyonga zikaguliwe kwa mikono: magoti yanakunjwa, mapaja yanafunguliwa taratibu, mkaguzi anasikilizia kama kichwa kinachomoka au kurudi. Kwa kuwa bibi yake ana historia, na zaidi kama atakaa kitako, aombe pia altrasaundi ya nyonga akiwa na wiki 4 hadi 6. Eksirei kwa mtoto wa umri huo haioni, mfupa bado laini. Likionekana tatizo mapema, kabla ya miezi sita, mara nyingi hutibiwa kwa mikanda inayoweka mapaja wazi, hakuna kisu.

Na msimfunge kanga miguu ikiwa imenyooka. Najua wakunga wetu wa Pwani hupenda kumkanda mtoto na kumnyoosha, halafu wakamkaza kwenye kanga kama mshumaa ili miguu isiwe na matege. Matege hayazuiwi hivyo, na nyonga changa huweza kutoka mahali pake. Mbebeni mgongoni, miguu ikikumbatia kiuno cha mama. Wataalamu wengi wanaamini mbeleko ni sababu mojawapo kubwa inayofanya ugonjwa huu uwe nadra kwa watoto wa Kiafrika.

Pesa ya mdogo wako usiikatae, mpangie kazi. Kwanza ulizia bima yako inalipia nini, maana zipo zinazolipia upasuaji na kitanda lakini kifaa chenyewe ukakinunua. Hapo ndipo mchango wake uingie, ili uwekewe plastiki ngumu na kichwa cha kauri badala ya kilichopo cha bei ya chini. Kisha vipimo, nauli ya watu wawili, kiti cha choo, mtu wa mazoezi wa miezi mitatu, na mota ya cherehani. Kitakachobaki akiweke akiba kwa jina lako.